Baba anaapa alikanyaga breki, gari ikapaa kinyumenyume hapa Mwanga. Wenye uelewa naomba mnisaidie

Mwana wa Mwanga

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Jumamosi iliyopita baba yangu alikwenda dukani hapa Mwanga, Kigoma, kununua misumari na rangi. Ana miaka 69, mwalimu mstaafu, amejifunza kuendesha kwenye Land Rover za mradi na hajawahi kugonga hata kuku. Miezi minne iliyopita tulichangishana na ndugu zangu tukamnunulia gari ndogo ya oto, kwa sababu goti la kushoto linamsumbua na klachi ilikuwa imeshamchosha.

Aliegesha pua ikielekea duka. Alipomaliza manunuzi akawasha, akaweka R, akageuka kuangalia nyuma kupitia juu ya bega la kushoto. Gari ikaanza kurudi polepole. Anasema aliona bodaboda inakuja, akakanyaga breki aisubiri ipite, na hapo hapo gari ikanguruma ikapaa. Akakanyaga zaidi, nayo ikazidi. Ikavuka barabara, ikapitia meza ya mama mmoja anayeuza mawese na dagaa, ikaja kusimama kwenye mwembe. Mama wa watu kavunjika mguu chini ya goti. Chupa za mawese zilipasuka zote, lami ikawa nyekundu, na waliokuja mbio walidhani ile yote ni damu. Mimi mwenyewe nilipofika nilidhani hivyo.

Baba anaapa kwa Mungu kwamba alikanyaga breki. Namjua baba yangu, si mtu wa kujitetea kwa uongo. Lakini mtaani maneno yameshaanza. Kuna wanaosema gari ina mkono wa mtu, na kuna wanaosema mzee kachoka, apokonywe ufunguo. Aliyetuuzia gari anasema ilikuwa nzima na hataki kusikia zaidi. Matibabu ya yule mama tunayabeba sisi, hilo halina mjadala.

Ninachoomba kujua ni hiki: gari inaweza kujipiga resi yenyewe? Na kama inaweza, nitajuaje kwamba ndicho kilichotokea?

Kibirizi Asubuhi

Pole sana mkuu, na mpe pole mzee. Hizi gari za siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inaganda kama simu inavyoganda. Mzee hana kosa.

Mtumishi Kasulu

Poleni. Nisikuvunje moyo, ila miaka 69 ni miaka 69. Mchukulieni dereva.

Fundi wa Katubuka

Pole sana mdogo wangu, na pole nyingi zaidi zimfikie huyo mama. Kwanza kabisa, hiyo gari isiguswe. Isiwashwe, isioshwe, kapeti lisitolewe. Gari zikishafika gereji kila mtu anashika chake, na ushahidi wote unapotea siku ya kwanza.

Swali lako: ndiyo, gari inaweza kupiga resi bila dereva kutaka, na nimeziona kwa mikono yangu. Kisa ninachokutana nacho zaidi ni kapeti. Mtu ananunua kapeti la mpira barabarani, analitandika juu ya lile lililokuja na gari. Halina ndoano ya kulishika, kwa hiyo kila ukishuka na kupanda linasogea mbele kidogo, mpaka ukingo wake unapanda usawa wa pedeli ya mafuta. Siku unapita lori, unakanyaga mpaka chini, pedeli inanasa pale pale hairudi. Gari za zamani zenye waya wa mafuta zina ugonjwa wao: waya ukichakaa nyuzi zinakatika moja moja na kuchomoza, zinakwama ndani ya ala. Vumbi letu hili likikutana na grisi linageuka gundi. Kuna throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, yenye utando mweusi, kipepeo chake kinaganda. Na kuna chupa ya maji iliyobingirika chini ya pedeli ya breki. Hiyo haipigi resi, ila inakunyima breki, na kifo ni kile kile.

Gari mpya hazina waya. Pedeli ina sensa mbili zinazopeleka taarifa kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na boksi likiona sensa hazikubaliani linawasha taa ya injini na kupunguza nguvu. Sisemi kwamba haliwezi kukosea. Nasema limetengenezwa hivyo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Breki nzima inaishinda injini. Jarida la Car and Driver la Marekani waliwahi kujaribu na Toyota Camry ya V6 ikiwa mwendo wa maili 70 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 112. Mafuta yakiwa yameachiliwa ilisimama ndani ya futi 174. Mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, breki ikakanyagwa hapo hapo, ilisimama ndani ya futi 190. Tofauti ni futi 16, karibu urefu wa gari moja tu. Kwa hiyo mtu akiniambia alikanyaga breki kwa nguvu zote halafu gari ikazidi kukimbia, swali langu la kwanza si la kompyuta. Ni je, taa nyekundu za nyuma ziliwaka? Umesema kulikuwa na bodaboda nyuma yake. Mtafute huyo kijana.

Kibirizi Asubuhi

Fundi, unataka kumwangushia mzee jumba bovu. Soma ya Toyota. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, askari wa barabara kuu wa California alikuwa na mke wake, binti yake na shemeji yake kwenye Lexus, gari ya kampuni hiyo hiyo ya Toyota, waliyoazimwa na muuzaji. Ikawakimbia. Shemeji akapiga simu ya dharura wakiwa humo humo ndani. Wote wanne walikufa. Askari wa barabarani huyo, mtu anayejua kuendesha kuliko sisi wote. Baadaye kampuni ikaita mamilioni ya magari kwa ajili ya makapeti, kisha Januari 2010 ikaita mengine milioni 2.3 kwa ajili ya pedeli zinazonata. Mwaka 2013 baraza la mahakama huko Oklahoma likasema gari ndiyo yenye kosa kwenye ajali ya Camry ya 2005, baada ya wataalamu kueleza udhaifu wa programu ya kuendesha throto. Na 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu usalama. Mtu asiye na kosa halipi bilioni.

Fundi wa Katubuka

Yote uliyosema ni kweli na sina ugomvi nayo. Ndiyo maana nikasema gari isiguswe kwanza. Lakini soma mpaka mwisho. Lexus ile ilikuwa imewekewa kapeti la gari ya aina nyingine, kubwa kuliko nafasi yake, likaishika pedeli. Ni ugonjwa ule ule ninaoutibu hapa Katubuka. Serikali ya Marekani iliwaita wahandisi wa NASA, shirika lao la anga, wachunguze umeme wa gari hizo, na ripoti yao ya Februari 2011 haikukuta hitilafu ya umeme ya kuifanya gari ipae namna ile. Na kuhusu Oklahoma, dereva yule aliacha alama ndefu ya tairi barabarani akijaribu kusimama. Mtu aliyefunga breki kweli, lami huwa inamshuhudia. Hapo Mwanga kuna alama yoyote?

Kabla ya Toyota kulikuwa na Audi 5000, miaka ya 80. Watu walikuwa wanawasha gari, wanatoa gia kwenye P ya kuegesha, gari inaruka. Televisheni ikaipiga sana mwaka 1986, mauzo ya Audi Marekani yakaanguka. Ripoti ya serikali ya 1989 ikasema sehemu kubwa ya visa vile ni mguu uliotua kwenye mafuta badala ya breki. Kilichotokana na sakata lile mnakitumia kila siku: ile kufuli inayokataa gia kutoka P mpaka ukanyage breki. Wengine mnakuja hapa gereji mnaomba tuiondoe kwa sababu swichi ya taa ya breki imekufa na mnataka kuokoa hela ya swichi. Mimi siiondoi.

Dereva wa Malagarasi

Niongeze la dizeli kwa sababu hakuna aliyeligusa, na huku kwetu magari mengi ni dizeli. Nikiwa natoka Uvinza, tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ilikufa sili, injini ikaanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Ikapiga resi hadi kilio, moshi mweupe nyuma sioni kitu. Nikazima ufunguo, haikuzima. Dizeli haihitaji umeme kuchoma, ikipata oili na hewa inaendelea. Kilichoniokoa ni gia kubwa: niliweka namba 5, nikakanyaga breki mpaka mwisho, nikaachia klachi, ikajizima kwa kubanwa. Ya oto huwezi kufanya hivyo, hapo ni kuziba njia ya hewa, na usisogee mbele ya injini ikiwa hivyo. Kwa mzee haihusiki kama gari yake ni ya petroli.

Binti Kazeh

Nawasalimu kutoka Tabora. Mtumishi wa Kasulu, naomba unisome bila haraka. Nina miaka 31.

Mwaka juzi nilikuwa naingiza gari nyumbani, Kanyenye. Geti limefunguliwa nusu, nimechungulia dirishani nisikwangue ubavu. Nikakanyaga breki. Gari ikaruka, ikabeba geti, ikabana kwenye ukuta wa jiko na bado tairi zinazunguka, mimi nimeganda na mguu chini. Jirani yangu ndiye aliyeingiza mkono dirishani akazima ufunguo. Na mimi niliapa. Nilimwapia mume wangu, nikamwapia fundi. Mume wangu aliniamini, tukabadilisha throto, tukabadilisha na pedeli yenyewe, hela ikaenda.

Miezi mitatu baadaye, pale pale getini, nimejipinda vile vile, gari ikashtuka mbele kidogo. Safari hii sijui ni Mungu gani aliniambia niangalie chini. Nilitazama mguu wangu. Ulikuwa kwenye mafuta. Na wakuu, nilikuwa nauona kwa macho, lakini mguu wenyewe ulikuwa bado unaniambia ni breki. Ukijipinda mwilini, nyonga inageuka na mguu unageuka nayo, kidogo tu, upana wa vidole vitatu. Kwa sababu unaamini uko kwenye breki, gari ikikimbia unaona breki imekataa, kwa hiyo unakanyaga zaidi. Kila ukikanyaga ndivyo inavyokimbia, na ndivyo unavyozidi kuamini breki imekufa. Huo ndio mtego wake. Sikuwa mwongo. Nilikuwa nasema nilichokihisi.

Kaka, mwangalie baba yako kwa jicho hilo.

Mwanafunzi wa Ujiji

Dada Kazeh umenigusa. Mwana wa Mwanga, kuna kitu cha kuangalia ambacho hakijatajwa: kiatu. Tarehe 1 Julai 2024, Seoul, Korea Kusini, gari ilipanda njia ya waenda kwa miguu karibu na ukumbi wa jiji, watu 9 wakafa. Dereva wa miaka 68 alishikilia kwamba gari ilijipaisha na breki ikakataa. Kumbukumbu ya gari ilionyesha ni mafuta yaliyokuwa yakikanyagwa, taa za breki hazikuwaka, na soli ya kiatu chake cha kulia ilikutwa na alama inayolingana na pedeli ya mafuta. Kiatu cha mzee kiko wapi?

Mwana wa Mwanga

Nimewasoma wote, baadhi yenu mara mbili. Kiatu kilikuwa chini ya kitanda chake. Hakukivaa tena tangu siku ile.

Jana nilikwenda na fundi mpaka ilipo gari. Kapeti ni lile la kiwandani peke yake na ndoano zake zote mbili zimeshika. Pedeli ya mafuta inarudi yenyewe, tumeikanyaga kwa mkono zaidi ya mara 30. Throto safi. Pedi za breki bado nene, pedeli ya breki ngumu juu kabisa. Taa nyekundu za nyuma, moja imevunjika kwa mwembe, mbili zinawaka vizuri ukigusa breki. Barabarani hakuna alama ya tairi, kuna mawese tu yaliyokauka.

Kijana wa bodaboda nilimpata kijiweni kwake. Nilimuuliza bila kumwonyesha ninachotafuta: mzee alipokuwa anarudi uliona nini nyuma ya gari? Akasema, "Nyeupe ziliwaka, nikajua anarudi. Nilisubiri nyekundu ili nipite. Nyekundu hazikuja."

Nikarudi nyumbani, nikatoa kiatu cha kulia nje kwenye mwanga. Ni vile viatu vyeusi vya soli ya mpira laini. Chini ya kidole gumba kuna mistari 5 iliyobonyea, mifupi, imelala kwa mshazari, nafasi sawa kati ya mstari na mstari. Pedeli ya breki ya gari yake ina vifundo vya mraba. Pedeli ya mafuta ina mistari. Nilikaa pale nimekishika kiatu mpaka mama akauliza nina nini.

Kwa hiyo gari haikujipaisha. Ulikuwa mguu wa baba. Na bado nasema, kwa wote wanaomsema mtaani na kwa wewe pia Mtumishi kwa heshima: baba hakudanganya. Alipokanyaga, kwake ile ilikuwa breki. Miaka 40 amekaa na pedeli tatu, kila mguu unajua kazi yake, sisi tukampa pedeli mbili na asubuhi moja ya mazoezi, tukampigia makofi tukaondoka. Hilo ni letu sisi watoto, si la kwake.

Mtumishi Kasulu

Nimekuelewa mkuu. Nilisema haraka, niwie radhi na uniombee radhi kwa mzee. Umemwambia?

Fundi wa Katubuka

Umefanya kazi nzuri kuliko askari wengi. Sasa mzee akiamua kurudi kwenye usukani, nikupe ya kumfundisha, na wengine mchukue humo humo.

Gari ikifanya usichotaka, kitu cha kwanza si kukanyaga. Ni kutoa mguu. Juu kabisa, hewani, usiguse chochote. Kama ni mguu ulikosea, gari imeshaacha kukimbia hapo. Mkono unasukuma gia kwenda nyutro, injini ipige kelele itakavyo, ina kifaa cha kuizuia isizidi, wewe usiihurumie. Halafu ndiyo breki, mara moja, kwa nguvu, shikilia. Usipampu. Busta ya breki, ile inayouongezea mguu nguvu, inategemea mvuto wa hewa wa injini, na mafuta yakiwa wazi mvuto huo hautengenezwi, ukipampu mara mbili tatu unamaliza akiba yote na pedeli inakuwa jiwe. Kuzima ni kwa mwisho: ya ufunguo, rudisha kituo kimoja tu, usiuchomoe, stelingi itajifunga. Ya kitufe, kishikilie kwa sekunde kadhaa, kubonyeza mara moja gari ikiwa inatembea mara nyingi hakusaidii.

Na kisigino. Kikae sakafuni mbele ya breki muda wote unaporudi nyuma. Ukiwa R injini yenyewe inatosha kuisogeza gari, mguu hauna kazi kwenye mafuta. Huko zinakotoka gari zenyewe, Japani, wameamua gari mpya za oto kuanzia Septemba 2028 ziwe na kifaa cha kuzuia mguu ukikosea zikiwa zimesimama mbele ya kizuizi. Sisi tutaendesha hizi zisizo nacho kwa miaka mingi bado.

Binti Kazeh

Naongezea: akiegesha, aingie kinyumenyume akiwa ametulia, ili wakati wa kutoka atoke na pua mbele. Tangu nianze hivyo sijawahi kujipinda tena getini.

Mwana wa Mwanga

Nilimwambia usiku, siku kadhaa zilizopita, tumekaa barazani baada ya kula. Sikuanza na maneno, nilimpa kiatu. Akaomba miwani, akapitisha kidole gumba kwenye ile mistari, kwenda na kurudi. Nikamweleza ya kijana wa bodaboda, nikamsomea aliyoandika dada wa Tabora, yote, bila kuruka. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilivyozidi kukanyaga, ndivyo nilivyozidi kumfuata yule mama?"

Nikasema ndiyo baba.

Asubuhi alivaa shati la mikono mirefu, akaniambia nimpeleke hospitali. Alimwambia yule mama mwenyewe, mbele ya mume wake, kwamba gari haikuwa mbovu, ni mguu wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mume akamwambia, "Mwalimu, kaa." Akakaa. Wakaongea habari za bei ya mawese na nani atamshikia mama biashara mpaka apone. Dada yangu mdogo ndiye anayekaa kwenye meza hiyo kuanzia leo.

Kuhusu kuendesha, hatujampokonya chochote. Amesema hatagusa barabara mpaka mimi niridhike, na mpaka aridhike mwenyewe. Fundi ametuazima gari yake ya oto, tunakwenda uwanja wa shule saa 12 asubuhi kabla watoto hawajafika. Nakaa kiti cha pembeni. Anaweka R, kisigino mbele ya breki, anageuka kuangalia nyuma, anaiacha irudi. Bila kumwambia lini, napiga kelele, "Inapaa!" Siku ya kwanza mguu ulikanyaga kila mara, na mara mbili ulikanyaga mafuta. Tuliona kwa macho, wote wawili, yeye akiwa ameniambia yuko kwenye breki.

Leo ni siku ya nne. Kati ya mara 10, mara 6 mguu ulitoka juu kabisa kabla mkono haujafika kwenye gia. Kesho tunarudi.